Bei ya boti ikipunguzwa, uliza kwanza ni kwa nini

Leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya mchele sokoni. Nataka kuwaeleza jambo lililotupata katika familia yetu. Najua wengi wenu mnatafuta njia ya kusafiri ili mkutane na watu wenu, na kila siku kuna mtu anawapigia simu akisema: "Lipa leo, nitakupunguzia."

Mambo yenyewe yalianza na picha. Mtoto wa shangazi yangu anaishi Houston, huko Texas, Marekani. Alikimbia akiwa kijana, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, kisha akapelekwa Marekani pamoja na wengine wengi wa kwetu. Sasa ana kazi na ana karatasi za uraia. Mwezi wa kwanza alinitumia picha ya meli nyeupe, ndefu kuliko barabara yote ya soko letu, yenye ghorofa zaidi ya kumi. Aliandika: "Kaka, mwezi wa kumi mimi na mke wangu tutapanda hii. Tunatoka bandari ya Galveston, siku 4 baharini hadi Meksiko na kurudi. Tumepata karibu nusu ya bei kwa sababu tumelipa mapema."

Nilipanda kilimani ambako mtandao unashika, nikamuuliza anaenda kufanya kazi gani Meksiko. Akacheka. Hakuna kazi. Watu wanalipa ili wapande meli, wale, walale, waangalie maji, kisha warudi pale pale walipotoka. Kwetu sisi tunaopanda boti ili kukimbia, au kufuata maiti, au kupeleka samaki sokoni, jambo hilo lilikuwa gumu kuelewa. Shangazi alipoliona picha alisema tu: "Basi Mungu awafikishe." Tukaliacha hapo.

Mwezi wa sita yaya yangu, dada yetu mkubwa, alinipigia simu kutoka Kalemie. Yaya alihama upande wa Salamabila pamoja na watoto wake 4 wakati risasi zilipolia karibu na kijiji chao. Walitembea, wakapanda pikipiki, wakatembea tena, wakapita Lulimba na Bendera mpaka wakafika Kalemie. Walipokelewa na mama mmoja aliyekuwa na nyumba ya vyumba viwili. Mume wake alikuwa amepata kazi ya kupakua mizigo Uvira, na yaya alitaka kumfuata. Kurudi kwa barabara aliogopa, kwa sababu ya watu wenye silaha njiani. Ilibaki ziwa.

Aliniambia: "Mdogo wangu, kuna komisioneri hapa bandarini anayetafutia boti abiria. Bei ni dola 20 kwa mtu mzima. Tukilipa wiki hii ni dola 14, na watoto watalipa nusu. Boti inatoka Ijumaa. Wiki ijayo bei itapanda tena."

Nilihesabu: dola 14 kwa yaya, na dola 28 kwa watoto 4, jumla dola 42. Nilikuwa na baiskeli yangu ya kazi, ile niliyokuwa nikiendea vijijini kutafuta habari. Niliiuza. Nilituma pesa kwa simu, na makato yake juu. Nilijisikia mwerevu sana siku ile, kwa sababu niliona nimeokoa dola 18.

Ijumaa boti haikutoka. Komisioneri alisema mwenye boti anangojea mahindi yajae. Jumatatu alisema injini inahitaji kifaa. Alhamisi alisema upepo ni mkali, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya Tanganyika. Siku hizo zote yaya na watoto walikuwa wanalala karibu na bandari, ili boti isiwaache. Unga waliouandaa kwa safari waliula nchi kavu. Siku ya 11 boti ile ilipakia mizigo ya wafanyabiashara wengine waliolipa zaidi, ikaenda upande wa Moba. Yaya alirudishiwa dola 20 kati ya 42, na kuambiwa ashukuru.

Hapo ndipo ugomvi ulipoingia katika familia. Shangazi alimpigia simu mtoto wake: "Dada yako analala chini ya hema, na wewe unaenda kuogelea juu ya meli? Futa safari hiyo, utume pesa." Akajibu kwa sauti ya mtu aliyebanwa: "Mama, siwezi kuirudisha yote. Ile bei ya nusu ilikuwa na sharti. Dola 200 nilizotanguliza hazirudi kamwe. Nikighairi leo, zimekufa." Malipo yaliyobaki alitakiwa ayamalize mwezi wa saba, miezi 3 kabla ya safari. Alikuwa na hiari ya kupoteza 200 na kututumia hizo nyingine. Hakufanya hivyo. Mke wake alikuwa amefanya kazi za usiku kwa miaka 3, akilea wazee wa watu wengine, na alikuwa amemwahidi. Alitutumia dola 60 kwa ajili ya yaya, akaenda zake mwezi wa kumi. Shangazi alikaa miezi bila kumjibu.

Mimi sikumlaumu, ingawa wakati ule sikumtetea pia. Kilichonikaa kichwani ni kwamba sisi wawili, mimi na yeye, tulinunua kitu kimoja katika mwaka mmoja: safari ya majini iliyopunguzwa bei kwa sababu tumelipa mapema. Pesa zetu sote zilifungwa. Lakini mwezi wa kumi alinitumia ujumbe mfupi: "Tumeng'oa nanga saa kumi kamili, kama ilivyoandikwa tangu mwezi wa kwanza." Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Yaya wangu alingoja siku 11, na hakuna aliyeona kwamba hilo ni ajabu.

Tangu hapo nilianza kumuuliza maswali, na yeye alinieleza vizuri jinsi bei inavyoshuka kule. Nawapa kwa kifupi, kwa sababu inasaidia hata mtu ambaye hataiona meli ya namna hiyo maishani.

Meli ya anasa ina hesabu ya vyumba isiyobadilika, na tarehe ya kuondoka iliyopangwa hata mwaka mzima au zaidi kabla. Ile kubwa kuliko zote wakati ilipoanza safari zake Miami mwaka 2024, Icon of the Seas, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Ikiondoka na chumba kitupu, pesa ya chumba hicho imepotea milele, huwezi kukiuza kesho. Mafuta, wapishi na mabaharia watalipwa vile vile. Kwa hiyo mwenye meli ana hofu moja: chumba kitupu. Punguzo lote linatoka katika hofu hiyo.

Kuna nyakati mbili za bei nzuri. Ya kwanza ni mapema, hasa kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, kampuni zinapotafuta watu wa mwaka mzima. Anayelipa wakati huo huchagua chumba anachotaka, na mara nyingi hupewa zawadi juu yake. Ya pili ni mwishoni. Kampuni nyingi hudai malipo yote kama miezi 3 kabla ya safari. Wanaoshindwa au kughairi huachia vyumba, na vyumba hivyo huuzwa tena, wakati mwingine kwa bei ndogo sana. Anayesubiri mpaka hapo lazima awe tayari kuondoka wakati wowote, na akubali chumba chochote. Tena kuna miezi ambayo bei yenyewe huwa chini: Septemba na Oktoba watoto wamerudi shuleni na ni majira ya vimbunga upande ule wa bahari. Na ile bei inayotangazwa si yote, kuna bakshishi ya wahudumu, vinywaji na intaneti.

Sasa tazameni boti zetu. Tarehe haijulikani, kwa sababu boti huondoka ikijaa, si siku ikifika. Na kujaa kwenyewe hakuna kipimo, kwa sababu daima kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi juu ya magunia. Vile vitu viwili vinavyofanya punguzo la kule liwe la kweli, tarehe na hesabu ya nafasi, hapa kwetu vyote viwili havipo.

Basi punguzo letu linatoka wapi? Nimefikiri sana, na nimepata majibu mawili.

Ukipunguziwa mapema, umemkopesha mwenye boti. Anahitaji pesa ya mafuta, au ya kifaa cha injini, au ya deni lake, na wewe umempa bila riba. Zile dola 18 nilizodhani nimeziokoa zilikuwa malipo ya mkopo ambao sikujua kama ninautoa. Nilikopesha watu nisiowajua, pesa ya baiskeli yangu, bila karatasi.

Ukipunguziwa mwishoni, jioni boti ikiwa karibu kuondoka, wewe ni uzito wa nyongeza. Hakuna chumba kilichobaki kitupu. Kuna nahodha aliyekwisha kujaza, na kila mtu anayeongezwa, hata kwa dola 5, ni faida tupu kwake. Tunajua mwisho wa hesabu hiyo. Desemba 2014 boti MV Mutambala ilizama katika Tanganyika, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiangalia kwa macho. Wengi waliipanda kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Walikuwa watu kama yaya wangu.

Sisemi kwamba weupe ni waaminifu na sisi ni wezi. Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, meli zote za anasa zilisimama, na watu wengi waliokuwa wamelipa walingoja miezi kabla ya kurudishiwa, au walipewa karatasi ya kusafiria siku nyingine. Kulipa mapema kulikuwa mkopo kule pia. Tofauti ni kwamba kule kuna anayesimama katikati. Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 inataka meli inayoweza kubeba abiria 50 au zaidi kutoka bandari zao iweke dhamana ya pesa, ili abiria walipwe safari isipofanyika. Mwaka 2022 wakaongeza wazi kwamba meli ikifuta safari, au ikichelewesha kupanda kwa siku 3 au zaidi, abiria ana haki ya kurudishiwa. Siku 3! Ningekuwa na sheria hiyo mkononi bandarini Kalemie, yaya asingelala nje siku 11.

Na sisemi kwamba sisi hatukuwahi kujua safari yenye mapatano. Nchi hii yetu ilikuwa njia ya misafara kutoka Ujiji hadi Nyangwe kabla ya Mbelgiji yeyote. Oktoba 1876, karibu na Kasongo, Tippu Tip na Stanley waliketi kupatana. Stanley mwenyewe aliandika kwamba walikubaliana dola 5,000 kwa safari ya vituo 60, na kila kituo kilikuwa mwendo wa saa 4. Mapatano yalivunjika kabla ya vituo kutimia, na kila mmoja alieleza kwa namna yake. Lakini oneni: walihesabu vituo, walihesabu saa. Hawakusema "tutaondoka tukijaa."

Wazee wetu wanaikumbuka pia Liemba, ile meli iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, ikazamishwa nao wenyewe 1916, ikainuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 chini ya Waingereza. Kwa miaka mingi ilienda kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, na kurudi, ikiwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Ilichelewa mara nyingi, ndiyo, lakini mtu alijua wiki yake na bei yake kwa daraja. Mwaka 1997 ilirudisha nyumbani maelfu ya watu wetu waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Mtu aliyewahi kupanda meli yenye ratiba hasahau jinsi inavyotuliza moyo.

Narudi kwa yaya. Zile dola 60 zilipofika, komisioneri mwingine alimjia na punguzo jingine. Safari hii yaya hakunipigia mimi. Alimpigia mtoto wa shangazi, yule yule ambaye wote walikuwa wamemkasirikia. Alimuuliza: "Wewe ulilipa mapema na ukasafiri. Uliwauliza nini?" Akamjibu: "Niliuliza maswali matatu tu. Tunaondoka siku gani na saa ngapi? Nikighairi mimi, napoteza kiasi gani? Na wakighairi wao, nani ananirudishia, na lini?"

Yaya aliyapeleka maswali hayo bandarini. Komisioneri wa kwanza alimcheka. Wa pili alikasirika. Wa tatu alimpeleka kwa nahodha mwenyewe, na nahodha akasema: "Mama, mimi sichukui pesa kabla mzigo haujapakiwa. Njoo ukiona tunafunga turubai. Bei ni dola 20, sipunguzi." Alingoja siku mbili zaidi. Jioni ya pili boti nyingine iliita watu kwa dola 8. Watoto walitaka kupanda, mama mwenyeji naye alimshauri apande. Yaya aliangalia jinsi maji yalivyokuwa karibu na ukingo wa boti ile, akakataa.

Ile boti ya dola 8 ilifika salama. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndiyo kweli. Yaya alifika siku moja nyuma yake, amelipa pesa nyingi zaidi. Mume wake alimuuliza kwa nini asipande ile ya jana. Alimjibu: "Jana nilikuwa na watoto 4. Nilitaka niwe nao leo pia."

Ndugu zangu mnaojitayarisha, nawaachia haya. Usitume pesa kwa mtu ambaye hujaiona boti yake. Pesa ishikwe na ndugu aliye bandarini, na ilipwe mzigo ukishapakiwa. Ikiwa lazima utangulize, tanguliza kidogo ambacho ukikipoteza watoto watakula bado, na upate karatasi yenye jina la boti, siku, kiasi na saini, hata ikiwa ni kipande cha daftari. Weka chakula cha siku za kungoja mbali na chakula cha safari. Kiangazi barabara ya kwenda ziwani ni kavu lakini upepo wa kusini ni mkali. Wakati wa mvua kuna matope njiani na dhoruba za ghafla majini, kwa hiyo uliza wavuvi, si komisioneri. Uliza kama kuna jaketi za kuokoa maisha, na uzione kwa macho. Na bei ikishuka jioni, usitazame pesa, tazama maji yamefika wapi kwenye ubao.

Mwezi uliopita shangazi alinituma kilimani nimpigie mtoto wake. Walizungumza muda mrefu, mpaka salio langu likaisha. Nilisikia shangazi akimuuliza mke wake alifurahi kiasi gani juu ya meli, na kama chakula kilikuwa kizuri. Kisha akamuuliza ilitoka saa ngapi. Alipojibiwa, alinigeukia na kusema: "Saa kumi, kweli kabisa?"

Baiskeli bado sijanunua nyingine. Habari za vijijini sasa nazifuata kwa miguu, kwa hiyo zikichelewa mnivumilie.

Kutoka Kabambare, mwandishi wenu.